Kikopo Nilichokipata Ndani ya Kiatu Chako

Mwanangu Mkawasi,

Nimekipata kikopo. Ulikificha ndani ya kiatu cheusi cha kulia ukakiziba kwa soksi, ukidhani nitapanga nguo tu na viatu nitaviacha kama vilivyo. Sikuulizi kama u mzima, maana nimekuona asubuhi ukifua na kuimba. Wewe ni mzima. Mimi ndiye nimekaa kitandani kwako na kiatu mkononi, na begi lako la kutoka Voi kwenda Diani liko wazi mbele yangu.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Unanijua. Wewe mwenyewe huwaambia watu, "Huyu wangu ukimkanyaga, yeye ndiye atakayeomba msamaha." Watu hucheka, nami huangalia chini. Leo umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hamtaachana kabla ya wimbo wa tatu na chai ya pili. Nina muda.

Na nitakuita mwanangu. Usicheke. Uliponizaa ulinipa jina la mama yako, Wakesho, kama tufanyavyo, na tangu nianze kusikia umekuwa ukiniita mama. "Mama, lete maji." "Mama, amka, utachelewa shule." Watu wasiotujua wakishangaa, unawaambia, "Huyu ndiye mama yangu, alikwenda akarudi." Miaka kumi na minane nimelibeba jina hilo bila kulitumia. Leo nalitumia. Wakesho msichana hana ujasiri wa kukufokea. Wakesho mama yako anao.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Hunihitaji nikufundishe kufunga begi wala kushika simu vizuri kwenye basi. Kuku nitawalisha, maji nitayachota siku yakitoka, na Baba akija kutoka shamba la mkonge atakuta chakula. Hayo yapite. Nataka tuongee juu ya uso wako.

Kosa langu la kwanza unalikumbuka. Nilikuwa na wiki mbili tu kwenye duka la vipodozi la Mama Vero, nyuma ya soko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, na uliniambia kazi ya duka itanifungua mdomo. Haikunifungua. Mama Vero alinifundisha kuuza. Mpake mteja faundesheni nyuma ya mkono, pale chini ya taa, umwambie, "Imekukubali." Kisha mpe iliyo nyeupe kuliko yeye kidogo, maana, kwa maneno yake, "hakuna mwanamke anayekuja kurudisha weupe." Niliyaandika kwenye daftari kama somo la Biolojia. Nilidhani najifunza kazi.

Ikafika harusi ya binti wa Mama Mdogo Mshai kule Sagalla. Nilikupaka humu chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, taa inawaka mchana. Ulijitazama kwenye kioo ukaniambia, "Mama, leo watatafuta bibi harusi ni nani." Ulishuka kwenye bodaboda mbele ya kanisa, jua la saa nne likakupiga usoni, na mimi niliyekuwa kwenye bodaboda ya nyuma nikaona nilichofanya. Shingo ilikuwa yako. Uso ulikuwa wa mtu mwingine. Mstari ulipita chini ya taya kama ukingo wa barakoa.

Mama Mdogo hakukawia.

"Woi, Mkawasi! Unga umebakisha wa mandazi ama umekuja nao wote?"

Na yule mwanakwaya wenu wa sauti ya kwanza akadakia, "Mwacheni. Kichwa kimeshafika Ulaya, mwili bado unangoja viza."

Ulicheka kuliko wote. Ulipiga makofi, ukawaambia, "Ni mama yangu amenipamba, mkamuulize yeye." Nikafikiri yamepita. Lakini wakati wa picha ya familia ulitafuta mtu mrefu ukasimama nyuma yake. Niliona. Hukujua niliona.

Niliporudi dukani nikayafuta yale ya kwenye daftari. Rangi haipimwi mkononi, mwanangu. Mkono unashinda kwenye maji na jua, una rangi yake. Chora mistari mitatu midogo kutoka shavuni kushuka hadi kwenye taya, toka nje na kioo, usimame mahali penye mwanga wa mchana. Mstari unaopotea ndio wako. Si ule unaong'aa. Ule unaopotea. Kama hakuna unaopotea, changanya miwili kiganjani. Na ukiona uso umekuwa wa majivu, hata kama msichana wa dukani anakuapia umependeza, futa. Msichana huyo nilikuwa mimi.

Hili tulikuwa tunaweza kulicheka hadi leo. Linalofuata siwezi.

Umefua mashuka ya loji ya watalii miaka tisa. Mwaka wa saba ulianza kusomea kazi ya hoteli jioni, ukawa unakariri maneno ya Kijerumani ukiwa unaosha vyombo, na nilikuwa nakushikia kitabu. Nafasi ya mapokezi ilipotoka ukaomba. Meneja alikuuliza maswali ukayajibu yote. Kisha akakwambia, kwa upole, ulinisimulia mwenyewe: "Mkawasi, wewe ni mchapakazi. Lakini pale mbele mgeni anataka kupokewa na uso unaong'aa. Endelea kutusaidia kule nyuma." Akampa kazi msichana aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, ambaye hata kitabu cha wageni alifundishwa na wewe.

Kwa upole! Hapo ndipo panaponichoma. Angekutukana ungerudi na hasira, na hasira ingekufaa. Alisema kwa upole, ukarudi na aibu. Nami nilitaka kwenda pale getini nikapige kelele. Nilifika hadi barabarani. Nikarudi.

Jioni ulikuwa unasonga ugali umenipa mgongo. Ukauliza, "Mama, hapo dukani kwenu hakuna kitu cha kung'arisha?"

Nikasema, "Kipo."

Neno moja tu. Mimi ambaye sisemi, siku hiyo nilikuwa na neno tayari.

Nilikuletea kikopo kama hiki hiki. Kifuniko cheupe, hakina jina, hakina maandishi. Sikukwambia kwamba Mama Vero huyakoroga mafuta hayo mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, kwa mwiko, krimu ya tyubu hii na ya tyubu ile na kitu cha unga ambacho hakitaji. Sikukwambia kwamba nilimwona mwalimu mmoja akirudi dukani amejitanda leso hadi puani, ngozi ya shavu imebanduka, na Mama Vero akamwambia, "Umezidisha jua." Nilikuwa nimesimama hapo na fagio. Nilielewa. Lakini wewe uliniomba kitu, na hujawahi kuniomba kitu, nikaona raha kuweza kukupa. Hilo ndilo kosa langu, na sijawahi kulitamka kwa mtu.

Wiki tatu uling'aa. Kwaya wakakusifu. Mama Mdogo Mshai akaja hadi hapa kuuliza siri, ukamwambia ni matango. Kisha ukaanza kurudi nyuma ukifunua sufuria, mvuke unakuwasha kama pilipili. Kisha mashavu yakachubuka. Yalipopona yalipona meusi kuliko mwanzo, mabaka mawili, la kushoto kubwa. Na wakati wote huo masikio yako na vifundo vya vidole vilibaki na rangi yao, kama watu waliokataa kuhama.

Tulienda dispensari. Daktari akakuuliza, "Mama, umekuwa ukipaka nini?"

Ukasema, "Ni jua tu, daktari. Kazi yangu ni ya kuanika."

Akanigeukia. "Na wewe dada, kuna kitu mama anatumia?"

Nilitazama viatu vyangu. Nikasema, "Sijui."

Nilijua hata rangi ya mwiko uliokoroga. Nikasema sijui, kwa sababu wewe ulikuwa umeshasema jua, na nisingeweza kukufanya mwongo mbele ya mtu. Yeye si mjinga. Akasema kama anaongea na ukuta, "Kama kuna kitu, kiachwe leo. Ngozi itarudi yenyewe, polepole, na ukinge jua. Ukirudia, safari ijayo sijui nitakusaidiaje." Ukakiacha. Ukakitupa mbele yangu. Nikaamini tumemalizana.

Kesho yake nilikwenda dukani na hotuba nzima. Niliifanyia mazoezi njiani hadi mwenye kuuza sukuma wiki akaniuliza naongea na nani. Nikaingia. Mama Vero akasema, "Umechelewa. Toa maboksi." Nikatoa maboksi. Niliyatoa yote, nikayapanga, nikafuta vumbi, na saa tano ndipo nikasema, "Sitauza tena vikopo."

"Vikopo gani?"

"Vya kuchubua."

Alicheka hadi akashika kaunta. "Wakesho! Kumbe una sauti? Haya, usiuze. Nitauza mwenyewe. Wewe uza lipstiki, si utanyamaza tena?"

Nikanyamaza tena. Na bado nafanya kazi pale. Liongeze na hilo kwenye makosa yangu. Na yeye ndiye aliyekuuzia hiki cha kwenye kiatu, sijui siku gani, labda Jumamosi iliyopita aliponituma mwenyewe kwenda kuchukua mzigo stendi. Alikuuzia akijua kilichokupata. Wewe ulinunua ukijua kilichokupata. Nikiwafikiria ninyi wawili mmesimama pale kaunta mnanong'onezana, nataka kuichana barua hii.

Ngoja nipumue.

Baada ya dispensari, wewe ulikuwa hutaki kutoka bila leso. Ukawa unarudi kutoka kazini kwa njia ya nyuma. Mimi nikaanza kujifunza upya, si kwa Mama Vero, kwa uso wangu mwenyewe, kila Jumapili nyuma ya nyumba, nikiharibu na kunawa. Niliharibu sana. Nilidhani baka linafunikwa kwa kuongeza, nikaongeza hadi shavu likawa kama ukuta uliopigwa lipu, na ukitabasamu linapasuka. Nilidhani linafunikwa kwa rangi nyeupe zaidi, likawa la kijivu. Mwisho nikagundua jambo ambalo hata Mama Vero hajui: baka jeusi halitaki weupe, linataka krimu ya rangi ya machungwa. Kidogo, kwa ncha ya kidole, juu ya baka tu. Ligongegonge hadi kingo zipotee. Ndipo faundesheni yako ipite juu, nyembamba, kwa sponji uliyoilowesha ukaikamua hadi isitoe maji. Gonga, usisugue. Ukisugua unaondoa ulichoweka.

Na kabla ya yote hayo unanawa kwa maji matupu, si kwa sabuni ya kipande ya kufulia, nimekwambia mara mia na leo nakwambia kwa jina la mama yako. Unapaka losheni ya kukinga jua, na unangoja. Weka chai motoni. Ikichemka uso nao uko tayari. Poda ni kwenye paji, pua na kidevu tu. Ukijaza uso mzima, vumbi la hapa linakaa juu yake, na huko pwani jasho litakuchorea mito. Ukitoka jasho, gandamiza kitambaa laini, usifute. Nyusi zako usizinyoe, Mungu alikuwa na saa nzima alipokuwa anazitengeneza. Zijaze kwa penseli ya kahawia, vistari vifupi kama nywele, si penseli nyeusi, nyeusi inakufanya uonekane unagombana na mtu. Wanja kwenye ukope wa juu. Lipstiki ile ya rangi ya zambarau iliyokolea, igonge kwa kidole badala ya kuchora, na kilichobaki kidoleni weka kidogo juu ya mashavu, inatosha. Dakika kumi. Ukizidisha dakika kumi, kuna kitu unachokificha.

Hivyo ndivyo nilivyokupaka siku ya picha. Hoteli ya Diani walitaka picha pamoja na barua yako ya kuomba kazi. Ulikaa kwenye stuli ukitazama mlango wa jikoni, mwanga unakuja wa mbele, si wa ubavuni. Ulikuwa umefumba macho, na nilipokuwa nakugusa shavu la kushoto ukasema, "Hapo bado panauma kidogo," nami nikapunguza mkono. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Ulionekana wewe. Ulionekana kama mtu aliyelala vizuri miaka tisa.

Wakapiga simu. Nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza. Walikuhoji karibu nusu saa. Wakakuuliza mgeni akikasirikia chumba utafanya nini, ukajibu. Wakaongea Kijerumani, ukajibu, ukakosea neno ukajirekebisha na kucheka, na yule mtu naye akacheka. Wakakwambia uje, kazi ni ya mapokezi. Ulipokata simu ulinibeba. Mimi, mtu mzima hivi, ukanibeba.

Nami, mjinga, nikakwambia, "Umeona? Kwenye picha hata mabaka hayaonekani!"

Uliniweka chini. Ukasema, "Ndiyo mama," ukaenda kuanua nguo.

Nimekaa na hilo tangu nilipokitoa kikopo kiatuni, na naona sasa ulisikia nini. Ulisikia kwamba wameipa kazi ile picha. Kwamba keshokutwa utafika mbele yao na mashavu yako, watatazama simu, watakutazama wewe, na mtu mmoja mpole atakwambia uende nyuma ukafue. Ukaona afadhali ujichubue mabaka yatoke, hata kama ni ngozi ndiyo itakayotoka. Nilitaka kuisifia kazi yangu, nikakutia hofu. Kikopo cha kwanza nilikuletea kwa mkono. Hiki cha pili nimekuletea kwa mdomo, na mimi ndiye nisiyeongea!

Lakini picha haiongei Kijerumani, Mkawasi. Picha haijui la kumwambia mgeni aliyekasirika. Walicheka na wewe kwenye simu nusu saa, na simu haikuwa na uso. Mbona hilo hulihesabu? Mbona unahesabu ya meneja mmoja tu?

Nina hasira naye hata sasa. Nina hasira na Mama Vero na mwiko wake. Nina hasira na wewe kwa kunificha. Na kuna mtu mwingine nina hasira naye, na huyu ni vigumu kumwandika.

Ulinisimulia mara moja tu, tulipokuwa tunachambua mboga. Ulisema wakija wageni nyumbani kwenu, mama yako alikuwa akimwita Mshai apeleke chai, kwa sababu Mshai ni maji ya kunde, na wewe akikwambia, "Wewe kaa huku jikoni, uangalie moto." Ulisema ukicheka. Ulisema, "Kwa hiyo najua kuwasha moto kuliko Mshai." Ulikuwa na miaka minane, tisa. Hakukuchapa. Hakukunyima chakula. Alikupenda, nimeambiwa na kila mtu jinsi alivyokupenda. Na kila wageni walipokuja alikuacha na moshi.

Simjui. Alikufa kabla sijazaliwa. Lakini nimepewa jina lake, na unapoliita naitika mimi. Basi nisikilize. Neno lile nalifuta. Mimi Wakesho nalifuta. Nilikosea kukuacha jikoni. Ulipaswa wewe kupeleka chai, na Mshai apeleke sukari nyuma yako, na wageni wangekuwa na bahati. Sikuwa na akili siku hizo. Nilikuwa nimefundishwa na watu nao walikuwa wamefundishwa, kama nilivyofundishwa dukani kuuza rangi isiyo ya mtu. Nisamehe, na utoke jikoni.

Nimelia kidogo hapo, karatasi imeharibika, utanivumilia.

Sasa kikopo. Nilikwenda nacho hadi chooni. Nilikifungua nikainamisha, na kile kitu ni kizito, hakitoki upesi, na nilipokuwa nangoja kitoke nikawaza: nikikitupa mimi, utanunua kingine. Diani nako kuna Mama Vero wake. Utakipaka kwenye chumba cha wafanyakazi mlango umefungwa, na sitakuwepo kukuona ukirudi nyuma kutoka kwenye mvuke. Nikakiinua. Nikakifunga.

Sitaki uende nacho. Nasema wazi ili usije ukasema sikusema. Sitaki. Nimekuwekea kwenye mfuko mdogo wa bluu vitu vyako: ile ya machungwa, faundesheni yako niliyokuchanganyia mwenyewe kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nimeiosha usiogope, sponji mbili, penseli, wanja, lipstiki. Kuna siku utakuwa mvivu, usipake chochote. Nenda na mabaka yako kazini, useme, "Karibu, habari ya safari?" uone kama mgeni atageuka kurudi kwao. Hatageuka. Amechoka, anataka ufunguo.

Na wakikurudisha kwa sababu ya shavu, rudi. Nipigie simu ukiwa njiani, nitakuja kukupokea stendi mchana kweupe, na tutapita katikati ya soko, mbele ya duka la Mama Vero, bila leso, nami nimekushika mkono. Tutakuwa na hasira pamoja. Hilo naliweza. Kinachonishinda ni kukupokea siku moja huna uso wa kupokewa.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii juu ya begi, kikopo nikirudishe kiatuni, nijifanye nimelala. Ndivyo ningefanya siku zote, na wewe ungesoma, ungenyamaza, tungeagana kesho tukitazama matairi ya basi. Nimebadili. Barua nitaikunja niitie kwenye mfuko wa bluu, utaisoma basi likishapita Maungu. Kikopo kiko hapa mapajani pangu, kimefunguliwa, kinanuka.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaagana, unacheka kile kicheko chako kirefu. Sitoki hapa kitandani. Ukiingia utanikuta hivi hivi, na neno la kwanza nitalisema mimi.

Mama yako,
Wakesho